Eti mimi ni mkimbiaji wa kiwango cha dunia

Jamani kuna rafiki yangu nusura aniue kwa sifa. Kazini tulijiandikisha mbio za hisani, kilomita 10, fomu akanijazia yeye, sasa kile kisehemu cha maelezo ya mshiriki ambacho watu wenye akili zao wanakiacha wazi, mwenzangu akaandika "mwanariadha wa kiwango cha dunia". Na hakunambia!

Siku yenyewe niko zangu nyuma kabisa na kundi la watembeaji, mara nasikia jina langu kwenye spika, mshereheshaji anasema leo tumepata bahati ya ajabu, makofi yakapigwa, dada mmoja wa waandaaji akaja akanishika mkono mpaka mstari wa mbele. Huko wamesimama vijana miguu yao mishipa mitupu. Mmoja akanisogelea kwa adabu zote, "Shikamoo kaka, muda wako bora ni ngapi?" Nikamjibu inategemea na siku.

Hilo neno lenyewe watu wanaligawa kama pipi. Mtu kaitwa timu ya taifa mara moja basi tayari kiwango cha dunia, wakati huyo ni wa kimataifa tu, tofauti kubwa hapo. Kiwango cha dunia ni kwamba hata wakikusanywa wakali wa dunia nzima, yeye bado anapata namba. Kwenye mpira mtabishana mpaka kesho ila kwenye mbio saa haina ushabiki. Kipchoge, yule Mkenya, pale Berlin 2022 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni, kilomita 42 na ushee, kwa saa 2:01:09, ukipiga hesabu ni kama sekunde 17 kila mita 100, halafu anazirudia zaidi ya mara 420, na bado Mkenya mwenzake Kiptum akaja kuifuta rekodi hiyo Chicago 2023 kwa 2:00:35. Mimi hizo sekunde 17 nazipata nikifukuzwa na mbwa, mara moja tu, na mbwa mwenyewe awe amedhamiria.

Basi bastola ikalia, kwa aibu nikatoka nao. Mwanzo nilikuwa nao kabisa, picha zipo! Baada ya hapo pumzi ikakata, nikaona nyota mchana kweupe, nikaenda kuegemea kibao cha kilomita ya kwanza, kumbe hakijachimbiwa, tukaenda chini wote wawili. Watu wa huduma ya kwanza hao, mmoja anapiga kelele kwenye redio, "Bingwa kaanguka! Bingwa kaanguka!" na mshereheshaji akautangazia umati kwamba nyota wetu kapata matatizo ya misuli. Watembeaji wangu wakanipita niko kwenye machela, wananipungia mkono.

Jioni nikamkalia kooni yule rafiki yangu. Wala hakushtuka.

"Mwanangu punguza hasira, mwakani nakuandika mkongwe. Mkongwe hakuna anayemuuliza muda."