Chuo cha jamii si mahali pa waliokwama

Kila msimu wa kujiandikisha, maneno ni yale yale katika familia zetu za California. Mtoto akienda chuo cha jamii, kile cha miaka miwili kabla ya chuo kikuu, amekwama. Akisomea na historia juu yake, basi kajimaliza. Inauma kuyasikia, kwa sababu si kweli. Tangu sheria ya 2010, anayemaliza shahada ya uhamisho ya miaka miwili, uniti 60 (uniti ni kipimo cha uzito wa somo), ana uhakika wa nafasi katika Cal State, mfumo wa vyuo vikuu vya jimbo, na kwenye fani inayolingana hatadaiwa zaidi ya uniti 60 nyingine. Kampasi anayoitamani haina uhakika huo, hilo nakubali.

Kinachowaangusha wengi ni kuchagua madarasa kwa kuvutiwa na jina. Somo la Vita vya Vietnam linapendeza, mwanafunzi analichukua, chuo kikuu kinazipokea uniti tatu na kuziweka kwenye masomo ya hiari. Pengo la somo la lazima liko palepale! Uniti kupokelewa ni jambo moja, kuhesabiwa kwenye fani ni jingine. Kabla hujalipia darasa lolote, fungua tovuti ya ASSIST, inayoonyesha somo lipi la chuo cha jamii linahesabiwa kama lipi la chuo kikuu, weka chuo chako, kampasi unayoilenga na fani ya historia, kisha soma mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta jozi ya madarasa ya historia ya Marekani na jozi ya historia ya dunia au ya Magharibi. Kila jozi ianze na kuishia chuo kimoja. Chuo cha jamii cha De Anza, chenye mihula mifupi ya robo mwaka, huigawa historia ya Marekani vipande vitatu. Vyuo vya mihula mirefu huigawa viwili. Ukihama katikati, kuna miaka itakayobaki bila kusomwa, na uniti 4 za robo zinahesabiwa 2.67 tu za muhula mrefu.

Hesabu na Kiingereza visingoje mwisho. Anayehamia mwezi wa nane avimalize kufikia masomo yanayofungwa mwezi wa tano.

Kwa UC, yaani Chuo Kikuu cha California, mfumo mwingine wa jimbo, mkataba wa TAG, unaomhakikishia anayehama nafasi, unatolewa na kampasi sita. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Maombi yake ni Septemba 1 hadi 30.

Udhaifu upo. Madarasa ya historia ya chuo cha jamii hupita karne nyingi mbiombio, na mtu anaweza kuhama bila kuandika insha ndefu hata moja kutokana na nyaraka za wakati wenyewe, ilhali semina za mwaka wa tatu zinadai hilo. Dawa yake iko kwenye saa za ofisi za mwalimu. Nenda na hati moja, hata barua ya ukurasa mmoja, mjadili nani aliiandika, alimwandikia nani, na nini alikiacha.