Dawa ya bipola ichaguliwe kwa kuangalia mtu anaishije

Mdogo wangu ana bipola, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu apande, yani achangamke kupita kiasi, afu ashuke, azame kwenye huzuni. Hapa Mtwara msimu wa korosho ndo huwa tunamchunga zaidi, maana akipanda wakati pesa ya mauzo imeingia halali usiku, anachukua vitenge vya mkopo anagawia majirani, anaongea mpaka sauti inakauka, afu baadae anashuka, anageukia ukutani hata uji hataki. Kinachoniuma ni kwamba tumeandikiwa dawa mara nyingi na hakuna aliyeuliza huyu dada ana mume, bado anazaa, anashinda wapi, anafunga au hafungi.

Chukulia lithiamu. John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na mpaka leo ni dawa ya kutegemewa, inazuia mtu asipande wala asishuke na inapunguza watu kujiua, kwangu hilo ni kubwa kuliko yote. Ila inataka damu ipimwe, kiwango kiwe kama milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita ya damu, kikivuka 1.5 inaanza kuwa sumu, mtu anatapika, anaharisha, mikono inatetemeka vibaya, anayumba kama kalewa. Figo na tezi la shingo navyo vinapimwa. Sasa mdogo wangu analima Naliendele, jua lote lake, na Ramadhani anafunga. Mwili ukiishiwa maji na chumvi, figo zinaibakiza lithiamu kwenye damu. Mgongo ukiuma baada ya kupalilia ananunua diklofenaki duka la dawa, nayo inaipandisha hiyohiyo lithiamu! Haya yote yasemwe kabla hajameza kidonge cha kwanza, na mjue damu atapimiwa wapi.

Valproeti ndo nina ugomvi nayo. Inatuliza vizuri aliyepanda, sikatai, lakini mama akiitumia akiwa mjamzito, kama mtoto 1 kati ya 10 anazaliwa na kasoro, na 3 mpaka 4 kati ya 10 wanachelewa kuongea, kutembea au darasani. Kumpa binti wa miaka ishirini na kitu bila hata kumuuliza uzazi wa mpango, yani hapana. Kabamazepini nayo inapunguza nguvu za vidonge vya uzazi na kijiti, kwahiyo anaweza kubeba mimba akidhani kajikinga, na yenyewe si salama kwa mimba.

Lamotrijini inasaidia zaidi upande wa kushuka, inapandishwa polepole sana, na upele ukitoka unarudi hospitali siku hiyohiyo. Dawa za sonona peke yake zinaweza kumrusha juu, ndo maana daktari lazima aambiwe kama alishawahi kupanda hata siku amekuja analia.

Na jamani, asiache ghafla kisa kapata nafuu au kuna mtu kasema ni majini.

Safari hii niliingia naye nikasema, dokta, huyu bado anataka mtoto, naomba tuanzie hapo. Tuliongea kwa kirefu. Kwa sasa anameza olanzapini usiku, analala, mwili umeongezeka na sukari inafuatiliwa, na lithiamu tutaijadili Ramadhani ikiisha, shemeji nae awepo, maana nyumbani yeye ndo anaona wa kwanza akianza kupanda.