Miaka Mitano ya Ziada Inatoka Wapi?

Karibu kila nchi duniani, wanawake huishi muda mrefu kuliko wanaume. Kwa wastani wa dunia nzima pengo ni la miaka mitano hivi. Ukiuliza sababu, wengine watakuambia ni maumbile, wengine watakuambia ni maisha, yaani sigara, pombe, kazi za hatari na ubishi wa kwenda hospitali. Kila upande una ushahidi wa kutosha kuubana mwingine.

Nianze na maumbile, kwa kuwa wanaotetea hoja ya jamii huyapita haraka mno. Watoto wachanga wa kiume hufa zaidi ya wa kike, na hao hawajavuta sigara wala kuendesha pikipiki. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni za urithi. Jeni ya upande mmoja ikiwa na kasoro, ya upande wa pili mara nyingi huifidia. Mwanamume anayo X moja, basi. Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa njaa ya Ukraina ya mwaka 1933. Kwa kasi ya vifo ya mwaka huo, mtoto wa kike aliyezaliwa angetarajiwa kuishi takriban miaka 11, wa kiume miaka 7. Hata pale ambapo wote wanateketea, wa kike hudumu kidogo zaidi.

Ila maumbile hayageuki ndani ya miaka kumi, na pengo hugeuka. Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, alipoibana pombe mwaka 1985, umri wa kuishi wa wanaume wa Urusi ulipanda kwa takriban miaka mitatu. Kampeni ikafifia, dola ikavunjika, ajira zikapotea, na kufikia 1994 wanaume walitarajiwa kuishi chini ya miaka 58, wanawake miaka 71. Hakuna kromosomu iliyobadilika hapo katikati.

Mtaalamu wa takwimu za watu Marc Luy alipata njia ya werevu ya kulipima jambo hili: alikwenda kwa watawa. Katika nyumba za kitawa za Bavaria, jimbo la Ujerumani, wa kiume na wa kike hufanana kwa ratiba, chakula na utulivu, na pengo kati yao lilikuwa la mwaka mmoja hivi. Kilichobadilika zaidi ni maisha marefu ya wale wa kiume. Mtu anaweza kupinga kwamba anayejiunga na utawa si mtu wa kawaida, na ni kweli. Hata hivyo, mimi naona ushahidi huu ni mzito: sehemu kubwa ya miaka mitano ile imetengenezwa na sisi wenyewe.

Kuishi zaidi, hata hivyo, si kuwa na afya zaidi. Wanawake hubeba miaka mingi ya maumivu na ulemavu, na tiba imechelewa kuwajua. Marekani ilitoa mwongozo mwaka 1977 wa kuwaweka kando wanawake wenye uwezo wa kushika mimba katika majaribio ya awali ya dawa, ikauondoa 1993. Dawa ya usingizi ya zolpidem iliuzwa kwa miaka ishirini kabla ya dozi ya wanawake kupunguzwa kwa nusu mwaka 2013, maana asubuhi ilikuwa ingali nyingi katika damu yao. Miaka ishirini!

Hapo hoja ya maumbile, inayotumiwa sana kama udhuru, inageuka kuwa shtaka. Kama watoto wa kike wana nguvu ya asili ya kuhimili maradhi, basi palipo na mazingira sawa wanapaswa kufa wachache kuliko wa kiume. India, kwa miongo mingi, wasichana wa chini ya miaka mitano walikufa zaidi. Mwaka 1990 mchumi Amartya Sen alikadiria kwamba wanawake zaidi ya milioni 100 hawapo duniani ambao wangekuwepo, kwa sababu walinyimwa matunzo waliyopewa wavulana. Kwa hiyo takwimu zikionyesha kwamba wavulana na wasichana wadogo wa mahali fulani wanafariki sawasawa, asiyelijua jambo hili atapongeza usawa. Anayelijua atauliza ni nani anayechelewa kupelekwa kwa daktari akipata homa.