Pedi za vipande vya kitenge Goma: kabla ya kushona, uliza maji

Karakana ya ushonaji haikosi gunia la vipande vya kitenge chini ya meza. Miradi mingi inahimiza vishonwe pedi za kufuliwa: taka zipungue, msichana asinunue pedi kila mwezi, fundi apate bidhaa ya pili. Ni hoja nzuri, ila kitenge ni ganda tu. Kinachonyonya ni taulo ya pamba, na kinachozuia kuvuja ni kitambaa cha poliesta chenye utando wa poliurethani, ambacho si cha kuokota sakafuni. Fundi akikikosa anaweka mfuko wa plastiki, unaopasuka baada ya kufuliwa mara chache. Hata akikipata, sindano nene ya jinzi inatoboa utando na damu inapita kwenye mshono. Tumia sindano nyembamba, namba 70 au 80, ushone pembeni tu. Kitenge nacho kifuliwe kwanza kabla ya kukatwa, kisije kikasinyaa baadaye na kukunja pedi.

Halafu kuna maji. Goma imekaa juu ya lava, maji yanavutwa Ziwa Kivu, na wengi wanayanunua kwa bidoni la lita 20. Pedi inalowekwa kwa maji baridi (ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi), inafuliwa, inasuuzwa hadi maji yatoke safi. Na pale watu wanapoishi kwa kubanana, nani ataianika mbele ya wote? Inafichwa chini ya nguo nyingine, inabaki mbichi, inaleta muwasho. Hapo wanaozipinga wana haki.

Ila pedi ya kutupa inaishia kwenye choo cha shimo, na plastiki yake haiozi. Kwenye mwamba huu, shimo likijaa, kuchimba lingine ni kazi ya nyundo na siku nyingi. Hoja hiyo mimi naipa uzito kuliko ya bei.

Kwa hiyo afadhali kubadilisha umbo. Shona ganda la sentimita 25 kwa 8, na kiini cha peke yake: taulo ya tabaka moja, sentimita 24 kwa 21, inayokunjwa iwe tabaka tatu. Ikikunjuliwa inakauka upesi, na kambani haitofautiani na kitambaa cha kunawia. Kasoro yake ni kuteleza mtu akitembea. Mikanda miwili ya lastiki, mmoja kila ncha ya ganda, inakishika.