Wachezaji wa Age of Empires na lugha yao ya mkato

Katika Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga himaya na kupigana vita, mwanakijiji mmoja, yaani mfanyakazi, hugharimu chakula 50 na huchukua sekunde 25 kuzalishwa. Ukielewa hesabu hiyo, umeelewa kwa nini wachezaji hawa huandika kama watu waliobanwa na pumzi. Mchezo hauna zamu. Kituo cha mji kikikaa bure wakati wewe unatunga sentensi yenye nukta na mkato, mpinzani ameshakuzidi mfanyakazi mmoja. Ndiyo maana jengo hilo ni TC tu (town center), kukimbilia Enzi ya Ngome, hatua ya mbele ya mchezo, bila kupoteza chakula kwa jeshi kubwa ni FC (fast castle), na uvamizi wa mapema wa askari wa Enzi ya Giza, hatua ya kwanza, ni drush. Wapo wanaolalamika kwamba lugha hii inawafukuza wageni na kuzaa matusi.

Wanaoitetea lugha hii wana hoja nyingine, na naiona nzito kuliko ya kasi. Mchezo ulitoka 1999, ukafanyiwa toleo jipya 2019, na humo mtu hupangwa timu moja na mgeni ambaye huenda hawana hata lugha moja ya kusalimiana. Waundaji waliliona hilo mapema wakaweka tarakimu: ukiandika 3, mwenzako anasikia sauti ikiomba chakula, 4 ni mbao, 5 dhahabu, 6 mawe. Namba 11 ni kicheko, nayo imeshatoka nje ya uwanja: mashabiki huandika 11 mahali ambapo wewe ungeandika hahaha.

Lakini tarakimu hizo zina sauti, drush haina. Hapo ndipo walalamikaji wanapopata haki yao. Bao nalo lina msamiati unaomchanganya mgeni: kunamua, mtaji, kutakata, nyumba. Ila anayejifunza bao huketi kando ya wachezaji, na neno linapotamkwa kete ziko mkononi mwa mtu, anaona mwenyewe kinachofanyika. Mtandaoni ramani imefunikwa giza. Mgeni anaandikiwa "fc", hajui anaagizwa nini, anaunda mikuki, wanne wanashindwa na wanne, kisha lawama zote zinamwangukia yeye. Huyo harudi tena, na wakongwe wanabaki kushangaa kwa nini kumpata mpinzani kunachukua muda mrefu.

Kuhusu matusi, sioni kama ufupi ndio wenye kosa. Tangu enzi za StarCraft, mchezo mwingine wa vita wa kompyuta uliotoka 1998, desturi ni kwamba anayeshindwa ndiye huandika gg, yaani mchezo ulikuwa mzuri, kisha anatoka. Mshindi akitangulia kuiandika, anamwambia mwenzake ajisalimishe. Akiongeza ez, anamwambia kwamba hakumtoa jasho. Herufi ni zilezile, adabu imebadilika kwa kubadilika mwandishi. Blizzard, kampuni iliyounda StarCraft, iliwahi kuigeuza "gg ez" katika mchezo wake wa risasi, Overwatch, ikawa sentensi za kuchekesha zinazomfedhehesha aliyeiandika. Nilicheka, nakiri. Lakini mtu mwenye dharau hakosi njia: 11 ileile, ikitumwa ngome ya mwenzako inapoanguka, inauma kuliko ez.

Kwa hiyo mimi niko upande wa mkato, kwa sharti moja ambalo wakongwe wengi hawalipendi: mzigo wa kueleweka ubebwe na anayejua. Mchezo una alama ya kumulika mahali kwenye ramani, na ukimmulikia mtu mahali adui anapoingilia, haulizi maana. Na kuna muda kabla ya mchezo kuanza, wakati kila mtu anachagua taifa lake na hakuna mwanakijiji anayesubiri chakula. Hapo mpango unaweza kuandikwa kwa maneno kamili, hata mawili matatu ya Kiingereza kibovu. Baadaye, farasi wa adui wakishaingia mashambani, andika kifupi chochote unachotaka.