Thogoto 1929: Kisu, Kidole Gumba na Historia ya Kanisa

Katika mji mdogo wa Kikuyu, magharibi mwa Nairobi, lipo kanisa la mawe linaloheshimiwa na Wapresbiteri wa Kenya nzima: Church of the Torch, pale Thogoto. Jina la Thogoto lilizaliwa wenyeji walipotamka "Scot" kwa ulimi wao. Wamisionari wa Kiskoti walianzia Kibwezi mwaka 1891, homa ikawaandama, wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Kiongozi wao, Thomas Watson, akafariki mwaka 1900, na mjane wake, Minnie, akabaki akifundisha watoto kwa miaka mingi. Zikafuata hospitali, shule na, mwaka 1926, Alliance High School hapo jirani. Ni historia tamu kusimulia. Lakini mwaka uliolipima kanisa hili kuliko mwingine wowote ni 1929, na wanaopenda historia tamu huupita mbio.

Machi mwaka huo, wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti walikutana Tumutumu, misheni nyingine ya Waskoti huko Nyeri, wakaazimia kwamba ukeketaji wa wasichana ukomeshwe miongoni mwa waumini. Baadaye John Arthur, daktari na mkuu wa misheni ya Thogoto, akataka kila muumini aape kuukataa na atie sahihi. Asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba, kirore kwa Kigikuyu. Aliyekataa alitengwa na ushirika, na mwalimu aliyekataa alipoteza kazi. Kwa muda wa wiki chache sehemu kubwa ya waumini ikatoka. Waliobaki wakaitwa kirore, waliotoka wakajiita karing'a, yaani walio safi, wasiochanganyika.

Wanaowatetea wamisionari wana hoja nzito. Watu wa misheni walikuwa wakipokea hospitalini wasichana wenye vidonda vilivyooza na wanawake walioshindwa kujifungua. Walikuwa wamehubiri dhidi ya desturi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wala haikuwa sauti ya wazungu peke yao, kwani wazee Waafrika waliunga mkono azimio la Tumutumu wakijua majirani zao watawaitaje. Leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji, na kanisa linaweza kusema kwa haki kwamba liliona mapema. Katika suala lenyewe la kisu, mimi nipo upande wao bila kusita.

Ila kidole gumba ni habari nyingine. Tangu mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, yaani cheti cha utambulisho, na ndani yake palikuwa na alama za vidole vyake. Mashamba ya Kiambu yalikuwa yamekwisha chukuliwa na walowezi kwa karatasi ambazo wenye ardhi hawakuzisoma. Kikuyu Central Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1924, kilikuwa kikidai ardhi hiyo. Sasa mtu wa namna hiyo anaitwa na mzungu, ambaye pia anakaa katika Baraza la Utendaji la serikali ya kikoloni, na kuambiwa aweke kidole kwenye karatasi nyingine. Arthur alikuwa mjumbe wa baraza hilo hadi mwisho wa 1929, mgogoro ulipomlazimu kujiuzulu. Uvumi ukaenea kwamba kiapo kile ni mlango wa kunyang'anya ardhi iliyobaki. Haukuwa kweli, lakini aliyewakosesha watu imani si mwenye uvumi peke yake.

Adhabu iliyouma zaidi ni ile ya shule. Mzazi aliyeshikilia mila hakufungiwa meza ya Bwana tu, bali mtoto wake pia alifungiwa darasa. Hapo ndipo ninapoona misheni ilipoteza haki yake: ilifanya elimu kuwa fimbo. Watu wakaitikia kwa kujenga shule zao wenyewe, za KISA (Kikuyu Independent Schools Association, chama cha shule huru za Wakikuyu) na za Karing'a, kwa nguvu na fedha zao, hadi serikali ilipozifunga wakati wa Hali ya Hatari mwaka 1952. Wengi waliojenga shule hizo walikuwa wamejifunza kusoma katika madarasa ya misheni.

Kuna hoja ya tatu ambayo pande zote mbili huisahau. Wazee wa kanisa na wazee wa mila walibishana juu ya miili ya mabinti, na mabinti wenyewe wakaulizwa mwisho. Huko Nyeri, wanawake waliojiita Ngo ya Tuiritu, Ngao ya Wasichana, waliliandikia baraza la wenyeji la South Nyeri mwaka 1931. Walisema wanashangaa kusikia wanaume wakiijadili tohara ya wasichana, ilhali si wao wanaozaa, si wao wanaoumia, si wao wanaokufa. Hawakuwa wakitetea misheni wala chama. Barua hiyo ina nguvu kuliko kiapo chochote, kwa sababu iliandikwa na wenye maumivu.

Wapo wanaosema kugusa mambo haya ni kutonesha kidonda, kwa kuwa wengi waliotoka walirudi polepole, na familia za kirore na karing'a zimeoana tangu zamani. Nawaelewa. Amani kati ya majirani si jambo dogo, na hakuna haja ya kuhesabu babu wa nani aliweka kidole. Lakini jengo la mawe la Thogoto lilikamilika mwaka 1933, miaka minne tu baada ya mfarakano ule. Waliolifungua walikuwa na ndugu wengi waliokuwa wakisali kwingine siku hiyo. Wasimulizi wakitaja walioingia, watutajie na waliotoka, pamoja na zile shule walizozijenga, na wanawake wa Nyeri walioandika barua.