Kapeti Isiyokauka

Mkoa wa Kigoma umejaliwa Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika takriban mita 1,470 na duniani kote linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Kwa mkazi wa kawaida wa Mwanga, mjini Kigoma, kama mimi, maji hayo yanatosha kabisa. Sikuomba mengine, na hasa sikuomba yawekwe chini ya miguu ya abiria wa kiti cha mbele, upande wa kushoto, ndani ya gari langu dogo lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika.

Mvua zetu huanza kupiga mabati mwezi wa Oktoba na kwa kawaida hazituachi hadi Aprili au Mei, kwa hiyo mwenye gari linalovuja hupewa muda mrefu wa kutafakari. Asubuhi nikifungua mlango, harufu ya kapeti iliyolala na maji hunipokea kabla sijaketi, vioo vyote vina ukungu kwa ndani, na mkanda wa usalama umeota madoa ya kuvu. Mke wangu amekataa kukaa mbele. Hupanda kiti cha nyuma, akaweka mkoba wake pembeni na kutazama barabara kwa utulivu, nami nikabaki usukani peke yangu, hata majirani waliohamia karibuni wameanza kuniuliza mama huyo ni mkuu wa idara gani na ananilipa shilingi ngapi kwa mwezi.

Hata hivyo maji hayajaniudhi kama ushauri ulivyoniudhi. Kijiweni kuna bwana mmoja ambaye, kwa kila ugonjwa wa gari, dawa yake ni silikoni. Nikimweleza kuwa kapeti imelowa, ananijibu, "Paka silikoni, mzee." Nikimuuliza nipake wapi, anasema popote maji yanapoingilia, kana kwamba ningekuwa ninapajua mahali hapo ningekuwa nimesimama kijiweni kumuuliza yeye. Bwana huyo hataki kusikia kwamba maji ya gari hayatokei pale yalipoingilia: yanaweza kupenya kwenye kona ya kioo cha mbele, yakafuata waya nyuma ya dashibodi, yakadondokea kwenye kapeti hatua nzima kutoka pale yalipoanzia. Siku moja alinionyesha vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango na kushauri vizibwe mara moja. Vitundu hivyo viliwekwa na waliolitengeneza gari! Maji ya mvua huteremka na kioo hadi ndani ya mlango kila siku, nayo hutoka kupitia hapo; ukiviziba, mlango unageuka pipa na chuma kinaoza kwa ndani.

Fundi mwingine, ambaye kwa heshima ya familia yake sitasema gereji yake iko wapi, alikuja na drili akiwa tayari kutoboa sakafu ili maji yatoke. Nilimuuliza: je, nikipita kwenye dimbwi, maji ya barabarani yatajuaje kwamba tundu hilo ni la kutokea tu? Alifunga drili yake akaondoka bila kuaga.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa Katubuka, fundi wa siku nyingi, ambaye kabla ya kugusa spana aliniuliza swali moja: maji yanaingia mvua inaponyesha, au hata jua likiwaka? Maana kiyoyozi nacho hutengeneza maji. Unyevu wa hewa hugandamana kwenye mabomba yake ya baridi, ukageuka matone, na matone hayo yanapaswa kutoka kwa kibomba hadi chini ya gari. Ukiona kiyoyozi kinafanya kazi siku ya joto na chini ya gari hakuna hata tone, huenda kibomba kimeziba na maji yanamwagikia kapeti. Uwezekano wa tatu ni hita inayovuja maji ya rejeta yenye kulanti, yaani dawa ya kupoza injini. Hayo huteleza mkononi, hunukia utamu utamu, na kiasi chake hupungua kwenye chupa chini ya boneti. Mzee alinionya nisiyaonje, kwa kuwa ni sumu, akaniagiza ninuse tu. Tulinusa. Gari langu limebeba dagaa kutoka Kibirizi na madumu ya mawese kwa miaka, na pua ya binadamu ikishaingizwa humo haina tena uwezo wa kutoa hukumu yoyote. Ikabidi tukandamize karatasi nyeupe kwenye kapeti. Ilitoka na maji safi yasiyo na rangi wala mafuta, nayo kapeti ilikuwa ikilowa siku za mvua tu. Mshitakiwa akawa ni mvua.

Jumamosi tukafanya jaribio. Tuliinua kapeti, tukakausha chuma, tukatandika magazeti makavu, kisha shemeji yangu akalala chali na tochi, kichwa kikiwa chini ya dashibodi na miguu nje ya mlango, huku mimi nikishika mpira wa maji. Utaratibu ni kuanza chini na kupanda juu taratibu, sehemu moja baada ya nyingine, bila kasi kubwa, kwani ukianza na paa maji yataloesha kila kitu na hutajua yalipopita. Watoto wa mtaa walijitolea kumwagia gari zima kwa ndoo, nami nikawakatalia kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Sehemu ya chini ya mlango ikawa kavu. Kwenye kioo cha mlango yakaingia matone machache, kwa sababu nailoni iliyo nyuma ya pambo la mlango ilichanwa na waliofunga redio. Nilipofika chini ya waipa, shemeji akapiga kelele kwamba anazama.

Tulipofungua plastiki iliyo chini ya waipa, tulikuta majani ya mwembe yaliyooza yakawa udongo, na juu yake kijimea kilichokuwa kikiendelea vizuri. Njia ya maji ilikuwa imeziba, kwa hiyo maji yalijaa hadi yakafikia tundu ambalo feni huvutia hewa, yakaingia ndani ya gari. Huku kwetu mwembe unaheshimiwa. Husimuliwa kwamba hata Stanley alimkuta Livingstone chini ya mwembe pale Ujiji mwaka 1871, lakini wale wawili hawakuwa na gari la kuegesha.

Kusafisha kulichukua muda mfupi, na nailoni mpya tukaibandika kwa gundi nyeusi isiyokauka. Kukausha ndiko kulikotutesa, kwa maana kapeti ikionekana kavu juu, sponji iliyo chini yake bado imeficha maji. Tulifungua betri kwanza, kwa sababu waya wa njano chini ya viti huenda kwenye vifaa vya usalama vinavyolipuka wakati wa ajali, kisha tukatoa viti na kuviweka barazani. Mgeni mmoja aliketi, akavuta kishikio, akajilaza, na chai ya pili ilipofika hakuwa na dalili yoyote ya kuaga.

Kapeti sasa ni kavu. Jana nilifungua buti kutafuta jeki nikakuta tairi la spea limekaa ndani ya maji, na mpira wa taa ya nyuma umekauka na kupasuka. Yule bwana wa kijiweni alinikuta nimeinama, naye, hata kabla ya kunisalimu, akatia mkono mfukoni na kutoa tyubu.